Aliyeiona Timu Yangu kwa Macho

Timu ile ilikuwa yangu. Sisemi niliipenda, wala sisemi nilikuwa mmoja wa wapenzi wake. Nasema ilikuwa yangu, kama cherehani yangu, na mtu wa Kindu aliyetaka kuishangilia alipaswa kupita kwangu kwanza. Jina lake siliandiki. Nikiliandika mutaanza kubishana nani alifunga bao gani mwaka gani, na mimi leo sina hamu ya ubishi. Ilikuwa timu ya Ubelgiji, jezi nyekundu yenye mstari mweupe kifuani, basi.

Niliipata hivi. Nilikuwa kijana, najifunza ushonaji, na Mbelgiji mmoja wa reli alikuwa ananiletea suruali zake nizipunguze. Serikali ilipoanza kuchukua maduka na mashamba ya Wazungu, yule bwana akafunga masanduku yake mbio mbio. Siku nilipompelekea suruali ya mwisho alinipa gazeti la michezo, akaweka kidole juu ya picha ya wachezaji kumi na mmoja, akaniambia: hawa ni watu wa kwetu. Macho yalikuwa yamemwiva. Nikaibandika picha ile ukutani, juu ya cherehani. Fundi anapogeuza nguo huinua macho, kwa hiyo niliwatazama wale watu mara mia kwa siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikawajua kuliko wajomba zangu.

Mutauliza, kwani Kindu hakukuwa na timu? Zilikuwepo, na tulizipenda. Kila mtu alikuwa na timu yake ya hapa mjini, na wengi walikuwa na nyingine ya Lubumbashi au ya Kisangani, kwa kuwa treni na mto vilituletea habari za huko. Lakini timu ya nyumbani ina taabu yake. Kipa amefungwa bao la kijinga Jumapili, Jumatatu unamkuta sokoni ananunua sombe, majani ya muhogo, unamtukana, naye anakutukana, kumbe mtu mwenyewe ni shemeji yako. Timu ya mbali haina shemeji. Haiji kukuomba chumvi. Unaipenda unavyotaka wewe, na yenyewe haina habari kama upo duniani.

Kila Jumapili, baada ya swala ya alasiri, baraza yangu ilijaa. Alikuja dereva wa treni, mtu wa tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Alikuja karani wa posta, walikuja wauza samaki wawili kutoka ng'ambo ya mto, Alunguli, na wengine kumi au kumi na watano. Nilikuwa na redio ya mawimbi mafupi na Kifaransa cha kutosha. Nilibandika sikio, nasikiliza, natafsiri. Sauti ilikuja na kwenda. Ikipotea nilinyanyua mkono, wote wakanyamaza, hata mwenye kikohozi akameza kikohozi chake. Ikirudi niliwaambia: bado moja bila, mpira uko kwetu. Ni mimi niliyesema "kwetu", nao wakafuata kusema "kwetu". Mtaani waliniita kwa jina la timu. Hata wakubwa wa Chama waliokuja nikawashonea abakosi, zile koti zao za bila tai, waliniita vilevile huku wakicheka, ingawa siku zile kusifu mambo ya Ubelgiji hakukuwa jambo la kufanya kwa sauti.

Halafu akaja mwalimu.

Aliletwa na treni ya Lubumbashi kufundisha shule ya sekondari. Alikuwa kijana mwembamba, miwani imefungwa uzi sikioni, heshima tele. Jumapili ya kwanza alikuja kwangu, akasalimu kila mtu, akakaa nyuma kabisa kwenye ukingo wa mkeka. Nikasema moyoni, huyu ni mtu mzuri. Mpira ukaendelea, sauti ikapotea, nikanyanyua mkono. Katika ule ukimya nikamsikia anasema taratibu:

"Sasa hapa kipa anapiga mbele. Anapenda upande wa kushoto, kule wanakaa wazee wenye kofia."

Vichwa vyote vikageuka.

"Weye unajuaje?" dereva akamwuliza.

"Nilikuwa naenda. Nilisoma kule miaka mbili. Kila Jumapili nilikuwa ndani ya uwanja."

Lo! Nilikuwa nimekalia kiti, lakini nilisikia kama mtu amekivuta. Sauti ya redio ikarudi na hakuna aliyeniuliza imesema nini. Walimsogelea mwalimu. Majani ya uwanja yako namna gani? Baridi inakata kweli? Wachezaji wanapita karibu? Naye akajibu, bila haraka, bila majivuno, na hilo la kukosa majivuno njo liliniumiza zaidi. Angekuwa mtu wa kujisifu ningepata pa kumshika.

Jumapili ya pili alikuja ameivaa jezi. Nyekundu, mstari mweupe, alama ya timu upande wa moyo. Miaka yote ile mimi nilikuwa nayo kwenye karatasi ya gazeti iliyoanza kuwa ya manjano, na huyu wa juzi amekuja nayo mwilini. Watu walisimama. Karani wa posta alinyoosha mkono aiguse, mwalimu akarudi nyuma kidogo, akasema samahani, hii ni kumbukumbu, haiguswi. Hata kwa hilo walimsifu.

Mwezi wa tatu tangu afike, baraza ikahamia kwake. Hawakuniaga. Jumapili moja nilitandika mikeka, nikaweka mawe mapya, yaani betri, kwenye redio, nikangoja. Nikasikia kicheko cha dereva kutoka nyumba ya tano. Nilikaa na redio yangu dakika ishirini, timu yangu ikafunga bao, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Nikainuka nikaenda. Ndiyo, nilikwenda! Nisingeweza kukaa mbali. Nikakaa nyuma, ukingoni mwa mkeka.

Toka siku hiyo nilimwinda. Nilimpa maswali ya mtego.

"Mwalimu, uwanja uko na milango ngapi?"

"Kumi na mbili, fundi. Lakini miye nilikuwa napita ule wa karibu na muuza viazi."

Ningejuaje kama ni kumi na mbili au ni minne? Lakini yule muuza viazi! Alimwelezea: mwanamke mnene, aproni ya mistari, viazi vya kukaanga ndani ya karatasi, na mvuke unaingia kwenye miwani usione mlango. Nilirudi dukani na muuza viazi kichwani. Nilishona shati la mtu mikono yote miwili ya upande mmoja kwa ajili ya mama yule. Nilimwonea mwalimu wivu wa miguu yake iliyokanyaga kule, wivu wa masikio yake, wivu hata wa baridi iliyompiga.

Mke wangu alikuwa ananitazama tu. Siku moja, anachambua mchele, akasema:

"Baba, weye uko na wivu ya bibi mukubwa aliyeletewa mudogo."

"Nani ameoa hapa?"

"Ile ekipe yenu ya mupira. Ulikuwa peke yako ndani ya nyumba, sasa amekuja wa kukushinda kupika." Akacheka mpaka ungo ukatikisika.

Nilikasirika siku mbili. Alikuwa amesema kweli tupu.

Basi, wapenzi wa timu nyingine ya Ubelgiji, ile ya jezi za buluu, walikuwepo pia Kindu, wengi wao vijana wa bandarini. Matusi yakawa mengi pande zote mbili, mpaka ikaamuliwa tucheze: sisi wekundu dhidi ya wale wa buluu, Jumapili, kiwanja cha karibu na stesheni. Wale tayari walikuwa wanatafuta fulana za kuchovya rangi. Dereva wa treni akasimama kwenye baraza ya mwalimu, akapiga makofi.

"Siye hatuchovye rangi. Siye tuko na fundi. Atashona kumi na moja, sawasawa na ile ya Ulaya. Mwalimu, utamupa ile yako aitazame."

Mwalimu akasema jezi ile haitoki mwilini mwake. Wakamcheka. "Fundi hataikula!" Akasema atanichorea kwenye karatasi. Wakakataa, karatasi haionyeshi mshono. Nikamwona anajifuta shingo. Nami, kwa roho yangu mbaya, nikasema kwa upole mwingi:

"Mwalimu, nipe siku tatu tu. Nguo ya muntu kwangu ni amana."

Alhamisi mchana akaja dukani na jezi imefungwa ndani ya gazeti. Hakuiweka mezani. Aliishika kidogo, akanitazama, akasema:

"Fundi, usiifumue. Upime tu juu juu."

"Juu juu," nikamjibu.

Hajafika hata kona, mimi nimeshaigeuza ndani nje.

Ndugu zangu, mimi ni fundi. Nguo inaweza kumdanganya mtu kwa nje, lakini ndani inamweleza fundi kila kitu. Jezi ya kiwandani inashonwa na mashine ya nyuzi tatu, inayofunga ukingo na kuunga kwa pamoja. Hii ilikuwa na mshono mmoja ulionyooka, mshono wa cherehani ya miguu kama yangu, na kingo zimezungushiwa kwa mkono. Kwapani kulikuwa na kiraka cha sare ya shule. Mstari mweupe ulikuwa kitambaa cha shuka. Na ile alama ya upande wa moyo, nyuma yake vilijaa vifundo vya uzi, vidogo vidogo, vya mtu asiyejua kudarizi na aliyerudia mara nyingi. Ubelgiji gani? Nguo ile ilizaliwa Lubumbashi, kwenye chumba cha mtu, pengine kwa taa ya mafuta.

Nilifurahi. Nisiseme uongo, nilifurahi furaha mbaya, nikacheka peke yangu dukani mpaka muuza chumvi wa jirani akachungulia. Hajafika! Hakuna wazee wenye kofia, hakuna milango kumi na mbili, hakuna mama wa viazi. Nilimwita mke wangu nikamwonyesha, kidole changu juu ya mshono. Hakucheka. Alipitisha dole gumba juu ya vile vifundo vya nyuma, kimoja kimoja.

"Muntu alikaa siku mingi juu ya hii," akasema. "Umufiche, baba."

"Nitamuficha."

"Sema wallahi."

"Wallahi."

Nilisema. Yeye ni shahidi na Mungu ni shahidi.

Nikashona Ijumaa baada ya msikiti, nikashona Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya bure tuliyofanyishwa na serikali, mikono bado inanuka majani ya barabarani. Kumi na moja. Nilishona kama sijawahi kushona. Nyekundu ile niliitafuta sokoni mpaka kwa wafanyabiashara wa Kailo, mstari niliupima mara tatu tatu, na alama ya moyo niliidarizi kwa uzi wa hariri niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya kanzu ya Idi. Ndani kulikuwa safi kama nje. Nilijua hakuna fundi mwingine Maniema wa kushona vile. Niliikunja ile ya mwalimu, nikaiweka chini kabisa ya fungu.

Jumapili tukakutana uani kwa mwalimu kuvaa. Nikamrudishia yake mkononi. Aliipokea, akanitazama usoni, akatafuta kitu, nami nikageuza macho. Nikagawa zangu. Watu wakavaa, wakajigeuza, wakajipiga vifua. Nilikuwa nimesimama kati yao nikingoja. Nilitaka neno moja tu, wallahi, neno moja la kwamba timu imerudi nyumbani kwake.

Dereva alilazimisha tumbo lake ndani ya jezi, akajitazama, akasema:

"Fundi, mikono yako ibarikiwe. Lakini tuseme kweli. Ile ya mwalimu iko na kitu. Ya Ulaya njo ya Ulaya."

"Kweli kabisa," wakaitika wote. "Ya Ulaya iko na kitu."

Nikashindwa. Kiapo kile sijui kilipita wapi. Nilimnyang'anya mwalimu jezi kabla hajaiingiza kichwani, nikaigeuza ndani nje, nikaiinua juu kwa mikono miwili.

"Ulaya gani? Tazameni! Tazameni hapa! Hii ni cherehani ya miguu. Hii ni shuka ya kitanda. Kwapani ni sare ya shule. Na hii alama ameidarizi yeye mwenyewe, angalieni vifundo! Huyu hajafika Ulaya! Hajavuka mpaka wowote! Miezi yote hii anatudanganya, nanyi mumekaa munameza!"

Nikangoja wamvamie. Nilikuwa tayari hata kuwazuia, kwa wema wangu. Hakuna aliyejongea. Karani wa posta aliinama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Wauza samaki walitazama ukuta. Dereva akaja polepole, akaitoa jezi mikononi mwangu, akaigeuza tena, nje ikawa nje.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini. "Tunajua."

"Munajua nini?"

"Njo miye nilimuleta na treni. Njia yote alisimama mulangoni anashangaa milima, akaniambia ni mara yake ya kwanza kutoka Shaba, kule kwao Lubumbashi. Na muntu wa kusoma Ulaya, arudie Kindu, afundishe chini ya paa inayovuja? Siku ya kwanza nilisema kwa wote. Hadisi yake ilikuwa tamu, tukaacha aseme."

"Na miye? Juu ya nini hamukuniambia miye?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Tulizani weye njo wa kwanza kujua. Si weye mwenye ekipe?"

Nikawaangalia mmoja mmoja. Wote waliitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Mwenye kikohozi alijua. Wauza samaki wa Alunguli walijua. Miezi mitano watu wote walikaa kwenye mkeka ule wakisikiliza hadithi, na mimi peke yangu nilikuwa nasikiliza ushahidi. Nilisikia joto la aibu linanipanda kutoka miguuni.

Nilikuwa nimemsahau mwenyewe. Mwalimu alisimama karibu na mlango na singileti yake ya ndani, amekunja mikono kufunika kifua. Hakulia. Aliwatazama wale waliokuwa wakimwuliza habari za baridi na za majani, waliokuwa wakisema "ee mwalimu, endelea", mmoja baada ya mwingine, kama anawahesabu. Wakainamisha vichwa. Kisha akanifikia mimi. Nikajikaza, nikasema moyoni sasa atanitukana, na ana haki.

"Fundi," akasema. "Na weye? Weye vilevile ulijua?"

Ningesema ndiyo. Kusema ndiyo kungeniokoa mbele ya watu wote wale, ningekuwa mjanja kama wao, mwenye timu. Ulimi ulikataa.

"Hapana, mwalimu. Miye niliamini."

"Yote?"

"Yote. Kila neno. Njo maana nilikuchukia."

Akachukua jezi kutoka kwa dereva, akaivaa, akanyoosha mstari mweupe kifuani. Akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Aksanti, fundi," akasema, na hakuwa anatania.